Mtaa Nao Ni Kijiji: Maisha, Mali na Safari katika Eastlands

Mwaka jana nilisimama mbele ya jopo la walimu kutetea pendekezo la utafiti wangu wa uzamili. Mada yangu ilihusu masimulizi ya wakazi wa mitaa ya zamani ya Eastlands, jijini Nairobi. Mmoja wa wanajopo, mtu ninayemheshimu kwa usomi wake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza: "Huko Eastlands utapata utamaduni gani? Si afadhali uende Lamu au Pate?" Waliokuwamo ukumbini walicheka kwa upole. Mimi pia nilicheka, maana adabu ilinitaka nifanye hivyo. Hata hivyo, swali hilo limekataa kunitoka, na makala haya ni jibu ambalo sikuweza kulitoa siku ile.

Juma hilohilo nilikuwa nikisoma habari za vijiji vya nyanda za juu za Papua. Mnamo mwaka 1938 ndege ya msafara wa Mmarekani Richard Archbold ilipita juu ya bonde la Baliem, na waliokuwamo wakastaajabu kuona mashamba ya viazi vitamu yaliyochimbiwa mitaro kwa mpango, pamoja na nyua za watu wengi ambao ulimwengu wa nje haukuwa na habari zao. Tangu hapo wataalamu wamekwenda huko wakiwa na maswali matatu makuu. Watu hawa wanaishije? Wanamiliki nini, na nani humrithi nani? Wanasafiri vipi, kwenda wapi, na kwa sababu gani? Majibu yamejaza vitabu. Tumefunzwa kwamba nguruwe katika milima ile si kitoweo tu, bali ni mahari, ni fidia, ni deni na ni udugu. Tumefunzwa pia kwamba pasipo na barabara, njia ya miguu na kiwanja kidogo cha ndege huamua nani ataoa wapi na nani atauguzwa wapi.

Hakuna aliyewauliza wataalamu hao watapata utamaduni gani huko. Umbali wenyewe ulitosha kuwa hoja. Basi ni ajabu kwamba kijiji kilicho ng'ambo ya bahari hupewa heshima ya maswali matatu, ilhali mtaa unaofikiwa kwa matatu moja tu kutoka lango la chuo hunyimwa hata swali moja.

Maoni yangu ni haya. Mtaa wa Eastlands ni kijiji kamili, chenye desturi zake za kuishi, za kumiliki na za kusafiri. Kwa kuwa mali nyingi za wakazi wake zimelindwa kwa mazoea na kwa kauli badala ya hati, ni wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuiandika kauli hiyo kabla mitaa yenyewe haijabomolewa yote.

Maisha

Lugha yenyewe inaniunga mkono. Neno "kijiji" ni udogo wa neno "mji", na mji kwa Mswahili si lazima uwe jiji la maghorofa. Mtu na jamaa yake na ua wao ni mji pia. Kwa hiyo, Kiswahili hakikujenga ukuta kati ya kijiji na mji. Kilichotofautisha ni ukubwa tu. Ukuta tulionao vichwani tuliletewa na utawala wa kikoloni, ambao ulitaka kuamini kwamba Mwafrika ni mtu wa mashambani aliyekuja Nairobi kufanya kazi kwa muda, na ambaye kazi ikiisha atarudi alikotoka. Ndiyo maana nyumba nyingi za awali zilikuwa za chumba kimoja, zikikusudiwa wanaume wasio na wake wala watoto. Mjenzi hakuwaza kwamba chumba kile kingezaliwa mtu ndani yake.

Lakini watu walizaliwa, na mimi ni mmoja wa uzao huo. Nimelelewa Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, wenye nyumba za mawe zilizozunguka viwanja vya nyasi na jumba la mikutano katikati yake. Jumba hilo wazee huliita Bunge, kwa sababu wanasiasa waliopigania uhuru walihutubia humo kabla nchi haijawa na bunge la watu wake. Nyanya yangu aliingia Kaloleni akiwa mke wa mtumishi wa manispaa, akalea watoto sita katika vyumba viwili vilivyogawanywa kwa pazia. Alitufundisha kupiga hodi kwenye pazia. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "ukuta hupewa na serikali, heshima mtu hujijengea mwenyewe." Mtoto aliyevuka pazia bila hodi alirudishwa nje kabisa, hadi mlangoni, akaanza upya. Ikiwa hiyo si desturi, basi sijui maana ya neno hilo.

Majina ya mitaa nayo ni makavazi yasiyo na mlinzi. Kariokor ni kumbukumbu ya wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps katika Vita Vikuu vya Kwanza. Burma ni kumbukumbu ya askari waliopigana Asia katika vita vya pili. Ofafa na Mbotela ni majina ya watu wawili waliouawa wakati wa Hali ya Hatari: diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953 na Tom Mbotela Novemba 1952. Huyu wa pili anatoka katika ukoo wa Frere Town uliompa msomaji wa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Ni wangapi kati yetu tuliokisoma kitabu hicho darasani, kisha tukapita Mbotela ndani ya matatu bila kujua kwamba tunapita kando ya jina lilelile?

Wapo watakaosema kwamba wasomi wa Kiswahili hawajaisahau Eastlands, kwani tafiti kuhusu Sheng ni nyingi. Ni kweli, na tafiti hizo zina manufaa. Lakini ndiyo hasa lawama yangu. Tukifika Eastlands tunatafuta msamiati tu. Tunanasa maneno kumi mapya, tunayapanga kwenye jedwali, tunaondoka. Tunamtendea mkazi kana kwamba ni mdomo usio na tumbo, usio na chumba cha kulala, usio na kodi ya kulipa. Hatumuulizi aliyaona nini yale aliyoyapa jina.

Mali

Swali la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa kwa mtazamo wa sheria mkazi wa mitaa hii hana kitu. Nyumba ilikuwa ya Baraza la Jiji, na tangu mwaka 2013 ni ya Serikali ya Kaunti. Mpangaji hulipa kodi na hapewi hati. Hata hivyo, mtu akiishi mtaani mwezi mmoja ataona kwamba umiliki umejaa tele. Tatizo ni kwamba umeandikwa mahali ambapo wakili hatazami.

Babu alipofariki, jina lake lilibaki kwenye kadi ya nyumba kwa miaka mingi, na kila mwezi nyanya alikwenda kulipa kwa jina la marehemu. Alipochoka kutembea, mjomba alilipa. Hakuna kikao kilichoamua kwamba mjomba ndiye mrithi. Aliyelipa ndiye aliyeonekana kuwa mrithi. Kando ya nyumba kuna chumba cha mabati ambacho mjomba alikijenga. Mpangaji wa chumba hicho hamlipi yeye bali humlipa shangazi, kwa sababu shangazi ndiye aliyeuza kitanda chake ili mabati yanunuliwe. Nje kuna mparachichi. Mti ulipandwa na jirani aliyekwisha kuhama, kwa hiyo matunda ya upande wa barabarani ni ya watoto wote wa mstari ule, na ya upande wa dirisha ni yetu. Ukimwomba mtu yeyote wa Kaloleni akueleze sheria hii, atakueleza kwa sentensi tatu bila kusitasita. Mwanaanthropolojia aliyefurahia kuufuata mzunguko wa nguruwe mmoja kutoka ukoo hadi ukoo huko Papua angefurahia pia kuufuata mzunguko wa mabati yale.

Si Kaloleni pekee. Pumwani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, palikuwa na wanawake waliojenga nyumba kwa fedha zao wenyewe na kupangisha vyumba. Wengi wao walisilimu, wakapata mashoga, masomo na watoto wa kulea ambao waliweza kurithi nyumba hizo nje ya matakwa ya wanaume wa koo walizotoka. Habari zao tunazisoma katika kitabu cha mwanahistoria Luise White kilichochapishwa Chicago mwaka 1990. Kitabu hicho kimejaa istilahi za Kiswahili, maneno ambayo wanawake wale walijiita na kuitana, kila neno likiwa na namna yake ya kazi na ya heshima. Ninamshukuru mwandishi huyo. Lakini ninajiuliza kwa nini urithi huu wa maneno yetu ulihitaji kuvuka bahari na kuvikwa Kiingereza ndipo uturudie maktabani.

Kwamba mali ya namna hii huponyoka upesi, historia ya Nairobi imekwisha kutuonyesha. Wakati ndege ya Archbold ilipokuwa ikizunguka juu ya Baliem, serikali ya kikoloni ilikuwa katika mpango wa kukibomoa kijiji cha Pangani, kilichokuwa na wenye nyumba Waafrika waliojijengea wenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 kijiji hicho hakikuwapo tena, na waliofukuzwa wakatengewa Shauri Moyo. Msomaji na alitafakari jina hilo mwenyewe. Aliyehamishwa kutoka kwenye nyumba yake hadi kwenye nyumba ya kupanga, akaambiwa achague, angesema nini zaidi ya kwamba hilo ni shauri la moyo?

Mwaka 2020 eneo lenye jina hilohilo la Pangani lilibomolewa tena. Safari hii ni nyumba za zamani za baraza, za kaya 48, zilizoondolewa ili kupisha maghorofa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa mwaka 2024, na mwaka 2025 ikawa zamu ya wakazi wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, kutakiwa kufunga virago. Mitaa mingine ya Eastlands imo katika mipango kama hiyo.

Safari

Mwanakijiji hujulikana kwa njia zake. Njia ya kwanza ya mkazi wa Eastlands ni ile ya alfajiri, kwa Barabara ya Jogoo na Barabara ya Landhies hadi katikati ya jiji. Wengi huipita kwa miguu, kwa kuwa nauli ya asubuhi ni unga wa jioni. Wenye nauli hupanda matatu, chombo ambacho jina lake hukumbusha zile senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, zilizokuwa nauli ya zamani, na ambacho Rais Kenyatta alikiruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu. Barabara ya Landhies sisi wapenzi wa Kiswahili tunaikumbuka kwa uchungu, kwani ndiko alikogongwa na gari la abiria Prof. Ken Walibora mnamo Aprili 2020. Riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, ni riwaya ya safari ya kijana anayemtafuta baba yake. Kila nipitapo Landhies hunijia wazo kwamba kati ya umati ule wa wapita njia wamo vijana wengi wa aina hiyo ambao bado hawajapata mwandishi.

Njia ya pili ni ya Desemba, kutoka kituo cha mabasi ya mashambani kwenda ushago. Neno hili lastahili makala yake. Mkazi wa Kaloleni husema "nyumba yangu iko Kaloleni" lakini husema "nyumbani kwetu ni Siaya" au "ni Kakamega" au "ni Machakos". Kiambishi kimoja tu, -ni, ndicho kinachotenganisha mahali pa kulala na mahali pa kuzikwa. Taifa zima lilijadili jambo hili katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986 akiwa mkazi wa Nairobi, mjane wake akataka azikwe karibu na jiji, na ukoo wake ukashinda katika Mahakama ya Rufani mwezi Mei 1987, akazikwa Nyalgunga. Mawakili walibishana kwa Kiingereza siku nyingi juu ya tofauti kati ya nyumba na nyumbani. Kiswahili kilikuwa na tofauti hiyo tayari, katika silabi moja.

Njia ya tatu basi ni ya maiti. Mtu akifariki Kaloleni, majirani hukutana jioni baada ya jioni, daftari hufunguliwa, na michango huandikwa jina kwa jina: ya jeneza, ya gari, ya chakula cha wasafiri. Daftari hilo halitupwi. Nyanya alikuwa nayo manne. Kila jina lililoandikwa humo ni deni la ubinadamu litakalolipwa siku ya msiba wa aliyechanga, hata ikiwa ni baada ya miaka ishirini. Nimesema kwamba nguruwe katika milima ya Papua ni deni na udugu. Daftari la matanga ni hilohilo, na tofauti ni kwamba letu limeandikwa, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wachangaji wanatoka katika makabila mengi na hawana lugha nyingine ya kudaiana.

Lakini nyanya alipofariki mwaka 2021 lilizuka jambo ambalo halikuwa limetokea nyumbani kwetu. Sisi wajukuu hatukuijua njia. Kitambulisho changu kinataja lokesheni ambayo nimeifikia mara nne tu maishani, zote kwa mazishi. Tulipofika tuliitwa wageni na kuandaliwa viti vya wageni. Waliolia kwa majina ya utani ya nyanya, wale waliojua jinsi alivyopiga hodi kwenye pazia, walikuwa wamebaki Kaloleni kwa kukosa nafasi kwenye basi. Siku hiyo niliona kwamba kijiji chetu kilikuwa kimehama zamani, na sisi ndio tuliochelewa kupewa habari.

Pingamizi

Sitaki nieleweke kwamba ninautukuza uchakavu. Mabomba ya majitaka hupasuka, maji hukosekana siku nyingi, na chumba kilichokusudiwa mtu mmoja hulala watu saba. Aliyeoga kwenye bafu la pamoja alfajiri ya Julai hahitaji kushawishiwa kwamba nyumba mpya ni jambo jema. Aidha, desturi za mtaani hazina haki siku zote. Wapo wanaopangisha nyumba za kaunti kwa kodi kubwa huku wao wakiishi kwingine, na wapo wajane waliopoteza vyumba kwa mashemeji. Serikali ina haki ya kujenga, na jiji linalokua haliwezi kubaki na nyumba za chini milele.

Ninachodai ni kidogo, lakini ni cha msingi. Maofisa wafikapo na orodha, huuliza jina lililo kwenye kadi. Hawaulizi nani alilipa, nani aliuza kitanda, nani alipanda mti. Asiye na maneno yaliyoandikwa huhesabiwa kuwa hana kitu. Wapangaji wa Muthurwa, mtaa mwingine wa reli, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2010 baada ya ubomoaji kuanza, na Agosti 2013 Mahakama ikaamua kwamba haki yao ya makazi, inayolindwa na kifungu cha 43 cha Katiba, ilikuwa imekiukwa. Uamuzi huo unaonyesha kwamba asiye na hati si lazima awe asiye na haki. Lakini haki hiyo huhitaji ushahidi, na ushahidi wa kijiji ni simulizi za wazee wake.

Hitimisho

Kazi hiyo inamhusu nani kama si mwanafunzi wa Kiswahili? Mhandisi atapima udongo na mwanasheria atapima mipaka. Sisi tumefunzwa kusikiliza masimulizi, kuyanukuu bila kuyaharibu, kutambua neno linapobeba sheria ndani yake. Tumeyatumia maarifa hayo Lamu na Pate, na ni vema tuendelee, kwa kuwa hazina za huko hazijaisha. Lakini ninapendekeza kwamba chama chetu kianzishe ukusanyaji wa simulizi za mitaa ya zamani ya Eastlands, mtaa mmoja kila muhula, kwa maswali yaleyale matatu: mnaishije, mnamiliki nini, mnasafiri kwenda wapi? Kila mwanachama amtafute mzee mmoja. Tusianze na Sheng; tuanze na kadi ya nyumba, daftari la matanga na mti ulio nje ya dirisha. Nakala ya kila simulizi ibaki kwa mwenyewe, ili maofisa wakija awe na kitu cha kuonyesha mkononi.

Na kwa mwalimu wangu aliyeniuliza nitapata utamaduni gani, ninajibu sasa kwa heshima zote: nitapata ule uliotulea wengi wa wanafunzi wako. Waswahili husema mdharau kwao mtumwa. Madaftari manne ya nyanya ninayo mezani ninapoandika. Nimeanza kuyasoma, na katika ukurasa wa kwanza wa daftari la zamani kuliko yote nimekuta majina thelathini na mawili. Kumi na moja kati yao ni ya watu wa Makongeni. Nimekwenda kuwatafuta, nimempata mmoja.